Mshale wa Moto na Mtungi wa Bi Mize

Sababu ya safari yangu ilikuwa mtu wa siku arubaini. Binti yangu Salma, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa Paje, nyumbani kwa mama yake mke wangu, kama desturi inavyotaka. Mimba ya kwanza mwanamke hujifungulia kwao, mikononi mwa mama yake mzazi, na mume hubaki mjini akila kwa majirani mpaka arubaini itimie. Ikitimia, huenda kuwachukua mke na mtoto. Kwa watu wengi wa mtaa wetu wa Mwembetanga safari hiyo ni ya basi la shamba. Mimi nilikuwa na gari, na hapo ndipo taabu zangu zilipoanzia.

Ilikuwa kigari cha mizigo, bodi la mbao nyuma, siti moja ndefu mbele. Nilikuwa nikichukulia muhogo, samaki na makumbi ya nazi kutoka mashamba, na siku zile, miaka michache baada ya Mapinduzi, mwenye gari inayotembea alikuwa mtu wa kuamkiwa na kila mtu. Lakini yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja: ilikuwa inachemsha. Miezi mitatu kabla ya hapo nilimpeleka mke wangu, Zuwena, Paje akiwa na mimba kubwa. Tulipopita Pete gari ikafuka moshi wa maji, ikagoma. Mke wangu akakaa juu ya jiwe kando ya njia, jasho likimtiririka, na mimi nikiipepea rejeta kwa kawa la kufunikia chakula kama mtu anayepepea seredani ya makaa. Tulifika Paje baada ya magharibi. Mama mkwe wangu, Bi Mize, aliitazama gari, akanitazama mimi, kisha akamshika mwanawe mkono wakaingia ndani.

Maneno yake yalikuja baadaye, siku chache kabla ya arubaini, mdomoni mwa dereva wa basi la shamba.

"Bi Mize anakusalimu," dereva aliniambia huku akicheka. "Ansema mwanawe na mjukuu wake hawapandi gari inayochemsha. Ukenda nayo vile vile, ule chakula ushibe, urudi zako peke yako."

Nilicheka naye, kwa kuwa mkwe hakasirikiwi, lakini moyoni nilijua hana mzaha. Bi Mize ni mjane. Wanawe wawili wanaume walikuwa wamevuka bahari kutafuta maisha, na Zuwena ndiye pekee aliyebaki naye kisiwani. Nilihisi anatafuta kisingizio cha kumweka mjukuu, na gari yangu ilikuwa kisingizio kizuri chenye magurudumu manne. Gari ikichemsha tena mbele ya macho yake, ningerudi kwenye chumba kitupu, na Mungu ndiye ajuaye hadi lini.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilimwita rafiki yangu Omari, fundi wa Mwembeladu. Omari hapendi kusikiliza maelezo ya mwenye gari. Aliiwasha injini, akaiacha ipate moto, kisha akashika mpira wa juu wa rejeta, akashika na wa chini.

"Shika," akaniambia.

Wa juu ulikuwa wa moto wa kuunguza. Wa chini ulikuwa wa baridi, utadhani umetoka kisimani.

"Maji hayapiti, yakhe. Yamefungiwa ndani ya injini yanachemka peke yao."

Tukafungua temostati, kile kijifuniko cha shaba kinachoyazuia maji mpaka injini ipate moto, kisha hufunguka yaende kwenye rejeta kupoa. Omari akaifunga uzi, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko langu, tukakaa tukiitazama. Maji yakaanza kuimba, yakatokota, temostati imenuna vile vile, haikufunguka. Jirani yetu Bi Fatuma alichungulia mlangoni.

"Bwana Makame, nyumba bila ya mke ndiyo hivi? Leo wapika supu ya chuma?"

"Karibu, Bi Fatuma. Bado chumvi tu."

Temostati mpya haikupatikana. Siku hizo ukienda kuuliza spea, mwenye duka alikuwa akikutazama kwa huruma. Tukaiacha nje, maji yapite yatakavyo. Rejeta nayo tuliishusha, na tulipoipindua ikatoka ute mweupe na magamba, kama yale yanayoganda ndani ya birika la chai. Hayo yalikuwa maji ya visima vya uwandani, kule kwenye mawe ya matumbawe, ambayo nimekuwa nikiyatia kila nikenda kuchukua mizigo. Kila kijiji nilikopita walinikirimu ndoo ya maji, na kila ndoo ilikuja na chokaa yake. Tuliisafisha rejeta mchana kutwa.

Mwisho Omari akanifungia geji ya moto, aliyoing'oa kwenye gari iliyolala juu ya mawe nyuma ya gereji yake. Ilikuwa kisahani cha kioo chenye mshale mmoja: kushoto baridi, kati ndiyo salama, kulia pekundu. Gari yangu haikuwahi kuwa na kitu kama hicho, na nilifurahi kupita kiasi. Nikampa dereva wa basi salamu za kurudisha: gari imepona, na imetiwa saa ya kupimia moto.

Jibu likaja kesho yake jioni. "Ansema vyema. Atapanda mwenyewe mpaka mjini, aitazame hiyo saa."

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, niliondoka. Kwanza niliteremka Mji Mkongwe, kwa kuwa mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Gari nikaiacha Darajani, nikaingia vichochoroni kwa miguu mpaka kwa mpishi wa halua, mzee ambaye wakati huo alikuwa anapata sukari kwa dua. Alikuwa ameniwekea kikapu kidogo.

"Wenda kuchukua mke?" akauliza.

"Naam, na mtoto."

"Basi hii tamu. Ingekuwa wenda kuomba radhi, ningekuzidishia iliki."

Nikamwambia azidishe tu.

Mwanakwerekwe niliipita jua linachomoza. Mshale ulikuwa umepanda taratibu mpaka kati, ukakaa hapo umetulia. Nilikuwa nautazama zaidi kuliko njia. Tunguu watu walikuwa wanatoka mashambani na muhogo vichwani, nikawapungia mkono kama mkubwa wa serikali. Raha niliyokuwa nayo asubuhi ile siwezi kuificha. Gari ilivuta vizuri, halua ilinukia, na mimi nilikuwa baba wa mtu.

Bungi, raha ikakatika. Nilipita kwenye mashimo, gari ikarukaruka, na mara mshale ukaruka nao. Haukupanda, uliruka, kutoka kati hadi mwisho wa pekundu, ukaganda huko. Nikasimama kando ya minazi. Nilikwishaanza kumsikia Bi Mize akisema, "Kula chakula ushibe."

Nilifungua boneti nikingojea mvuke. Haukuwapo. Nikaweka kitambaa juu ya kifuniko cha rejeta, nikakilegeza kidogo kidogo, uso nimeugeuza. Kimya. Maji yalikuwa yamejaa, yana moto wa kawaida, hayatokoti. Nikashika mipira yote miwili: wa juu moto, wa chini vuguvugu, kama inavyotakiwa. Injini ilikuwa nzima, geji ndiyo inayopiga kelele.

Hapo nikakumbuka alivyonionyesha Omari. Geji ile ina waya mmoja unaokwenda mpaka kwenye kichwa cha injini, na huko umefungwa kwenye kijipande cha shaba kilichochovya ulimi wake ndani ya maji. Kijipande hicho ndicho kinachoonja moto na kupeleka habari. Nikauchomoa waya pale kwenye shaba. Kama mwongo angekuwa kijipande, mshale ungeanguka. Haukuanguka. Basi mwongo alikuwa waya wenyewe, unagusa bati mahali fulani njiani. Niliufuata kwa vidole mpaka pale unapopenya kwenye ukuta wa bati mbele ya miguu ya dereva. Ngozi yake ilikuwa imesuguliwa, shaba ikachungulia. Nikakata ukanda wa mpira wa tyubu, nikauvika waya, nikaufunga kwa uzi, nikaurudisha kwenye kijipande chake. Mshale ukarudi kati kama haukufanya lolote.

Nilicheka peke yangu pale barabarani. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama.

"Kheri?"

"Kheri, mzee wangu. Shikamoo. Gari imenisingizia homa."

"Marahaba. Hata watoto hufanya hivyo siku ya kwenda chuo cha Kurani," akasema, akapanda baiskeli yake.

Jozani nilipita chini ya kivuli cha msitu, kima wanaruka juu ya matawi ya miti. Kitogani, kwenye njia panda, nilijaza debe langu maji kisimani. Debe hilo lilikuwa likikaa nyuma ya gari siku zote, kwani kutoka Kitogani mpaka Paje ni vichaka na mawe matupu, hupati kisima wala nyumba. Nikashika njia ya mashariki.

Paje nilifika kabla ya adhuhuri, na bahari ilikuwa imetoka mbali sana, weupe mtupu mpaka miambani. Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani. Nikashuka, nikaubusu mkono wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imechemsha?"

"Haikuchemsha, mama."

"Haya. Karibu."

Ndani nilimkuta Zuwena amekaa kitandani, amenawiri, ananukia liwa na udi. Akaniwekea Salma mikononi. Mtoto alifungua jicho moja, akanipima, akalala tena. Nilimpenda hapo hapo, tena sana, mpaka Zuwena akanicheka na kuniambia nipumue.

Arubaini ilisomewa alasiri. Majirani walikuja, mtoto akanyolewa nywele, ikasomwa maulidi fupi, tukala wali na pweza wa nazi. Mimi, kama mkwe, niliandaliwa chumba cha nje peke yangu, na kila mara Bi Mize alituma mtu kuuliza kama nimeshiba. Halua ilisifiwa. Baadaye alinijia mwenyewe na kuniambia nimwonyeshe saa.

Nikamfungulia mlango wa gari. Akainama, akaitazama geji muda mrefu.

"Mbona haina nambari?"

"Haina haja, mama. Mshale ukiwa hapa kati, salama. Ukienda huku pekundu, gari inachemsha."

"Na ukiwa huku kushoto?"

"Baridi. Hapo hakuna wasiwasi kabisa."

Jibu hilo nimelikumbuka mara nyingi.

Alizunguka nyuma ya gari, akaona debe. "Na hili la nini?"

Kumwambia mama mkwe kwamba gari iliyopona bado inatembea na dawa yake, sikuweza. "La kunawia mikono, mama," nikasema.

Asubuhi ya pili tulipakia. Bi Mize alikuwa amefunga vitu vya kulishia mtaa mzima: muhogo, viazi vikuu, pweza mkavu, mikeka miwili, kuku. Mwisho akatoka na mtungi wa udongo, mdomo wake umefungwa kitambaa cheupe. Zuwena alinieleza. Kwao, katika ukoo wao, mtoto akihamia nyumba ya babake huoga mara ya kwanza kwa maji ya kisima cha pale alipozaliwa, ili nyumba mpya isimshitue, na ili asisahau alikotoka. Kisima chenyewe kiko nyuma ya nyumba ya Bi Mize, alikichimba babu yake. Mtungi hauwekwi chini wala nyuma na mizigo. Bi Mize aliupakata mwenyewe.

Nafasi nyuma ilikuwa haba. Bi Mize akalitazama debe. "Hilo la kunawia mikono nalo litakwenda?"

"Ah, halina kazi, mama," nikasema. Nikalishusha kwa mikono yangu, nikayamwaga maji yake yote kwenye mchicha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mbele ya mkwe nani aliyekumbuka methali?

Tulikaa hivi: Zuwena dirishani na mtoto, Bi Mize katikati mbele ya geji, na mimi nimebanana na mlango wangu ili bega langu lisimguse. Aliutazama mshale kama anavyotazama maziwa yaliyo jikoni.

"Umefika kati," akatangaza tulipoiacha Paje.

"Naam, mama."

"Umepita kati kidogo."

"Njia inapanda, mama."

Katikati ya vichaka, pale ambapo njia ni mawe matupu na gari hutembea kama inatafuna, ulipanda zaidi. Nilipunguza mwendo. Jasho likanitoka mgongoni. Bi Mize aliushika mtungi wake kwa mikono miwili. Kisha, kwa rehema ya Mungu kama tulivyodhani, mshale ukaanza kushuka. Ukapita kati, ukaendelea kushuka mpaka kushoto kabisa.

"Umeshuka!" Bi Mize akasema, na mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye akanipiga kofi la upendo gotini. "Alhamdulillah, Makame! Gari imepona kweli!"

Nami nikasema alhamdulillah. Kifua kilinipanuka. Nilianza hata kuongeza mwendo.

Hatukwenda mbali. Bi Mize akainua mguu mmoja, akainua na wa pili.

"Makame, mbona miguu yaniungua?"

"Ni jua, mama."

"Jua la chini ya gari?" Akanusa. "Na mbona haingurumi ile sauti yake ya maji? Chungu kikiwa na maji husikika, mwanangu. Kikinyamaza juu ya moto, ujue kimekaukiwa."

Nilizima injini palepale, gari ikiwa bado inatembea. Maneno yake yalikuwa yamenigusa mahali. Kile kijipande cha shaba huonja maji. Je, kama hakuna maji ya kuonja? Kitakaa hewani, na kitapeleka habari za baridi wakati chuma kinaungua. Nikashuka mbio. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka mpasuko mrefu, mawe ya njia yamemaliza uzee wake, na nyuma yetu mstari mwembamba wa maji ulikuwa unakauka juani. Ndani hakukubaki tone. Tungekwenda kidogo tu zaidi, injini ingekufa, na siku zile kwa gari ile kufa kulikuwa kufa kweli.

"Kumbe haikupona," Bi Mize akasema dirishani.

"La, mama. Ilinyamaza tu."

Nikangojea kauli yake. Angeweza kusema, teremka Zuwena, tutangoja basi la kurudi Paje. Nilikwishaisoma usoni mwake. Basi hilo halikuwa la kupita mpaka alasiri, na jua lilikuwa linapanda, na Salma alianza kulia kilio chembamba cha joto. Kivuli kilikuwa cha gari peke yake. Zuwena alishuka akakaa humo, akamnyonyesha.

Nilifanya nilichoweza. Nikakata mkanda mrefu wa tyubu, nikauzungusha kwenye mpasuko, tabaka juu ya tabaka, nikaukaza kwa waya. Ulishika vizuri. Baada ya hapo sikuwa na kazi nyingine ila kusimama nikiangalia kifuniko cha rejeta.

"Sasa yataka maji," Bi Mize akasema.

"Naam."

"Na debe la kunawia mikono tumeliacha kwenye mchicha."

"Naam, mama." Nikaona bora kusema kweli, hata kama imechelewa. "Halikuwa la kunawia. Lilikuwa la gari. Niliona haya."

Alinitazama. Nilidhani atanikata kwa maneno, lakini akatabasamu kwa pembe moja ya mdomo. "Nilijua. Nani ananawa kwa debe zima? Nikasema ngoja nikuone utafanya nini. Na mie mjinga, nikakuacha ulimwage."

Akashuka na mtungi wake. Nilielewa anachotaka kufanya, nikamzuia.

"Mama, hayo ya mtoto. Nitakwenda Kitogani kwa miguu."

"Ufike lini? Mtoto huyu ataungua hapa akingojea maji ya kuogea?" Akafungua kitambaa. "Gari imeshapoa? Maana chungu kikavu ukikitia maji ya baridi hupasuka."

Nikaweka kiganja juu ya injini. Tulisubiri zaidi, mpaka kiganja kikaweza kutulia. Kisha Bi Mize akasema bismillahi, akamimina mwenyewe, taratibu, mkono mmoja chini ya mtungi, kama anavyommiminia mtoto kichwani. Nilikuwa nimesimama karibu naye nimeshika kifuniko. Maji yalipokwisha aliutikisa mtungi, likatoka tone la mwisho.

"Haya," akasema. "Yamekwenda."

Kitogani tulifika polepole, kifuniko nimekilegeza ili maji yasipate nguvu ya kuusukuma ule mkanda. Mwanamke mmoja kisimani alitujazia rejeta, akaniazima na debe lake. Tangu hapo mpaka mjini mshale ulikaa kati, na kila tulipopita kijiji nilisimama nikatia mkono kwenye mipira ya rejeta. Pete, Bungi, Tunguu. Zuwena alinicheka, akasema nimekuwa daktari.

Mwembetanga tulifika watu wanatoka sala ya Ijumaa. Vigelegele vilianzia kwa Bi Fatuma. Salma aliogeshwa na bibi yake kwa maji ya bomba la mtaani, na wala hakushituka, alipiga chafya tu. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Ng'ambo, upande wetu wa mji.

Bi Mize alikaa nasi juma moja. Siku mbili za mwanzo alilalamikia kila kitu: mkaa wa mjini mbichi, samaki wamelala, majirani wanapiga redio mpaka usiku. Siku ya tatu akaacha. Alikuwa anakaa ukumbini na mtoto mapajani, ule mtungi mtupu pembeni yake.

"Mama ametulia," Zuwena akaniambia usiku kwa furaha. "Hata mchuzi ukizidi chumvi hasemi."

Niligeuka kitandani, usingizi ukanipaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimetoka kukisikia kimya cha namna hiyo njia ya Paje.

Asubuhi nilimpelekea chai mwenyewe. Si kawaida mkwe mume kukaa na mama mkwe wakazungumza, lakini nilivuta kibao nikakaa.

"Mama, umenyamaza."

"Nyumba yenu nzuri. Niseme nini?"

"Miguu haikuungui?"

Alicheka, na kicheko kikamgeukia machozi. Akajifuta kwa upindo wa kanga. Alichosema hakikuwa kirefu. Tangu wanawe waondoke, alisema, siku arubaini hizi ndizo pekee ambazo nyumba yake ilikuwa na sauti. Alikuwa akimsikia mtoto usiku, anaamka kabla ya mamake. "Na yale maji nilitaka anikumbuke kwayo. Nikayatia garini kwa mkono wangu, nikasema basi, Mungu hakutaka. Keshokutwa nnarudi, nifunge mlango, nisikilize bahari."

Nilimwambia tu kwamba gari yangu huenda mashariki kuchukua muhogo kila inapopata mzigo, na siti yake ya mbele ni ndefu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu asiyeamini sana ahadi za wakwe.

Siku ya kumrudisha, Zuwena na Salma walibaki mlangoni wakipunga mikono, yaani mmoja akiupunga mkono wa mwenzake. Bi Mize alipanda na mtungi mapajani, na nikaona una uzito. Nyuma kulikuwa na debe langu, limejaa, halikufichwa. Mpira mpya wa rejeta Omari aliupata anakokujua yeye na Mungu. Tulizungumza njia nzima. Nilisimama Tunguu, nikasimama Kitogani, nikafungua boneti nikatia mkono, ingawa mshale ulikuwa umekaa kati kwa adabu zake. Nimejifunza kwamba geji haikupi habari za gari. Inakupa habari za maji yanayoigusa, na yakiwa hayapo, itakuambia mambo ni shwari.

Paje, Bi Mize alifungua mlango wake, akaingiza mtungi, akauweka pembeni mwa chumba alichozaliwa Salma. Nikaona kitambaa cheupe kimefungwa upya.

"Mama, maji hayo ya wapi?"

"Ya bombani kwenu."

"Na kisima unacho?"

"Kisima nnacho. Haya ya mjukuu wangu. Siku akija kwangu, aoge kwanza maji ya kwao, asije akaniona mgeni." Akaufuta mtungi kwa kiganja, kisha akanitazama usoni. "Lakini maji ya mtungini hayakai sana, mwanangu. Huota ukoga. Usichelewe."

Sikuchelewa.